Siku Niliyomvua Punda Miwani

Nilipohamia huku Chokocho niliwaambia kwamba nimefuata hewa nzuri. Uongo mtupu. Hewa ya Tumbe ni hiyo hiyo, na samaki wa kule ni wakubwa zaidi. Nilihama kwa sababu kaskazini yote ya Pemba, kuanzia Tumbe mpaka Konde mpaka Makangale, nilikuwa siwezi kupita njiani bila ya mtu kuniuliza punda wangu hajambo, na kila aliyeuliza alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Leo nawasimulia mwenyewe, kabla hajatokea mgeni wa Konde akawasimulia kwa kutia chumvi, maana mkasa wenyewe hauhitaji chumvi, na aibu yake nimeshaizoea. Chekeni, lakini chekeni mara moja mmalize.

Ilikuwa ile miaka ya kabla ya uhuru, siasa zimepamba moto, watu wa mtaa mmoja hawaendeani mazikoni kwa sababu huyu chama hiki na yule chama kile. Mimi siasa zilikuwa hazinihusu. Mimi nilikuwa kijana wa Tumbe mwenye gari la punda, na kwa maoni yangu hicho kilikuwa cheo kikubwa kuliko uwaziri. Wenzangu waliopeleka samaki Konde walikwenda kwa baiskeli, tenga limefungwa nyuma linachuruzika maji, au walikwenda kwa miguu na mzegazega begani, mti wenye mzigo kila ncha, na mimi nimekaa juu, hatamu mkononi, nawapita na kuwasalimia kwa kidole kimoja. Punda mwenyewe nilimpa jina la Mstaarabu. (Nimesema mcheke mara moja.)

Na kazi ile niliisomea, msidhani niliokota. Nilikaa Unguja mjini kwa ami yangu, Ami Makame, aliyekuwa akichukua magunia bandarini kwa gari la punda, na yeye ndiye aliyenifundisha kumvika mnyama kama inavyopasa: mkanda wa kifuani ambao ndio anaovutia, mkanda wa tumboni wa kuizuia ile miti miwili ya gari inayompita mbavuni isimpande juu, na ule wa nyuma, chini ya mkia, ambao mjinga huudhani pambo, hajui kwamba ndio unaolizuia gari lisimgonge mnyama kwenye mteremko. Lijamu kinywani, hatamu mkononi. Na juu ya hayo yote vizibo vya macho, vipande viwili vya ngozi, kila kimoja ukubwa wa kiganja, nilivyovishona kwenye mikanda ya kichwani, kimoja huku na kimoja huku, ili punda aone njia iliyo mbele yake na asione kitu kingine. Watu wa Tumbe wakaviita miwani ya Mstaarabu.

Darsa la miwani nililitoa bure kwa kila aliyesimama na kwa wengi ambao hawakusimama. Punda, nilikuwa nasema, macho yake yako pembeni, anaona mpaka karibu na mkia wake, sasa fikiri wewe ndiye punda, una dubwana nyuma yako, ukenda linakwenda, ukikimbia linakimbia, ukipiga kona nalo linapiga kona, utatulia? Kwa hiyo mzibe, asilione, ajue tu kwamba kuna kelele huko nyuma na kwamba kelele ndiyo maisha. Na Ami Makame alikuwa na sharti lake moja, nalo nililisoma kwa watu mpaka likawachosha. "Punda akiwa ndani ya gari usimvue vya machoni hata akikuomba kwa Kiarabu. Mfungue gari kwanza, ndo umvue." Kuna vijana wawili wa Tumbe niliwahi kuwagombeza mbele za watu kwa kosa hilo hilo, nikawaita majuha. Wako hai wote wawili, na kumbukumbu zao ni nzuri sana.

Sasa katika hiyo Konde nilikopeleka samaki palikuwa na nyumba ya Mzee Faki, mwenye mikarafuu, na katika nyumba ya Mzee Faki alikuwamo bintiye, Time. Sitosema mengi juu ya Time. Nitasema tu kwamba alikuwa akitoka na sahani kuja kununua samaki, na kwamba samaki wake siku zote alikuwa mnene kuliko wa jirani, na kwamba siku moja alimtazama yule samaki, akanitazama mimi, akasema, "Kombo, weye utafilisika," na mimi nikarudi Tumbe sikuiona njia, Mstaarabu ndiye aliyenifikisha.

Nikapeleka posa. Bahati mbaya kulikuwa na posa nyengine imetangulia, ya Salim, naye muuza samaki, mtu wa baiskeli yenye kengele mbili na kioo cha kujitazama. Mzee Faki alikuwa mpole mno, mtu ambaye hata mwizi wa nazi zake angemkaribisha kahawa, na hakutaka kumuudhi yeyote kati yetu, kwa hiyo akasema yeye hana kauli, kauli ni ya mama yake. Mama yake ni Bi Mize, anakaa Makangale, upande wa pili wa msitu wa Ngezi. Atakuja Konde, atatutazama wote wawili, na atakayemridhia ndiye atakayemuoa Time, na asiyeridhiwa arudi kwao salama.

Lakini Bi Mize alikuwa mtu mzima, miguu inamvimba, na gari la abiria kwa mvua zilizonyesha mwaka ule lilikuwa haliwezi kupita Ngezi. Mzee Faki akauliza basi mama ataletwaje, na mimi nikajitolea kabla hajamaliza kukohoa. Salim naye akataja kiti cha nyuma cha baiskeli yake. Watu wakamtazama tu, na mimi usiku ule nikalala nimeshaoa.

Gari la samaki linanuka samaki, hilo si siri. Nililiosha kwa majivu, nikaliosha kwa ndimu, nikatandika mkeka mpya, nikalifukiza udi mpaka jirani wakaja kuuliza nani anaoa, na mwisho wa yote likawa linanuka samaki aliyekwenda harusini. Nikaazima kanzu ya kaka yangu, mtu aliyenipita urefu kwa shibiri nzima, kwa hiyo ilikuwa inafagia chini, lakini nyeupe pe. Ndani nilivaa kaptura yangu ya kazini, ile iliyotiwa kiraka nyuma kwa gunia la unga lenye picha ya jogoo, kwa sababu nani ataiona? Mstaarabu nilimsugua, nikamtia mafuta ya nazi kwatoni, nikamvika mikanda yote kwa utaratibu wake, miwani nikaikaza vizuri. Tukaondoka alfajiri.

Makangale nikampokea Bi Mize mlangoni kwake. Mwili wake ulikuwa mkubwa, buibui jeusi, mkono mmoja mwavuli na mkono mwengine kuku katika kijikapu, zawadi ya mwanawe. Nikamshika mkono, nikamwekea kigoda, akapanda, na gari likalia. Nikampa shikamoo mara mbili, moja ya salamu na moja ya tahadhari, naye akaitikia zote mbili. Mambo yalikuwa mazuri kupita kiasi. Tukaingia Ngezi, kivuli, ubaridi, kima wanaruka juu ya miti, na mimi natembea kando ya punda kwa adabu badala ya kukaa juu pamoja na Bibi, nakwepa mashimo yote, na moyoni nahesabu watoto.

Katikati ya msitu ndipo aliponiuliza.

"Ee mwanangu, punda huyu kafanya nini?"

"Hajafanya kitu, Bibi."

"Sa mbona mumemziba macho?"

Nikaanza darsa langu, lile lile la Tumbe, lakini kwa sauti ya chini, na sijafika hata kwenye mkia akanikatiza. "Mie punda nawajua toka mdogo. Babaangu alikuwa na punda. Sijaona punda aliyefungwa macho. Kiumbe cha Mngu kapewa macho aone, weye unamnyima. Dhambi hiyo, mwanangu."

Ningeweza kumwambia kwamba punda wa babaake alikuwa akipakiwa mzigo mgongoni, hakuwa akikokota kitu, na kwamba hilo ni jambo jengine kabisa. Maneno nilikuwa nayo, tena yamejipanga. Lakini nyinyi mnajua, kwetu aliyepeleka posa habishi. Hamtazami mtu usoni, hakai mpaka aambiwe kaa, akipewa uji una chumvi nyingi husema umekolea, na akiambiwa mvua inanyesha ilhali jua linawaka hushukuru kwa mvua. Nikasema, "Naam, Bibi," nikadhani yamekwisha.

Tukatoka msituni, tukafika pale njia inapoanza kuingia Konde, nyumba za mwanzo zinaonekana, na jua limeshapanda. Akaniambia simama. Nikasimama.

"Mie siingii Konde hivi," akasema. "Konde wananjua. Watasema Bi Mize kenda kumtazama mume wa mjukuu wake, kachukuliwa na punda kipofu. Mvue hivo vitu."

"Bibi, tungefika kwanza, nikamfungua gari, halafu..."

"Mvue, mwanangu. Au hutaki?"

Jamani, kuna maswali mtu huulizwa duniani ambayo jibu lake ni moja tu. Nikatazama mbele, njia imenyooka, tambarare, nyumba ya Mzee Faki si mbali. Nikatazama punda, ametulia, anasinzia. Nikajiambia Ami Makame naye alikuwa anapenda kutia watu hofu. Nikajiambia Mstaarabu si punda wa kawaida, ana jina. Na juu ya yote nikamfikiria Time na sahani yake, nikasema, "Naam, Bibi."

Sasa ile miwani nilikuwa nimeishona pamoja na mikanda ya kichwani, na lijamu linaning'inia katika mikanda hiyo hiyo, kwa hiyo huwezi kuvua kimoja ukabakisha kingine. Nikavua vyote. Nikachukua kipande cha kamba ya makumbi nikamfunga puani, kitanzi kimoja cha mtoto wa mbuzi. Yaani kwa mkono wangu mwenyewe, mimi bingwa, mimi mwenye darsa, nilimvua mnyama vizibo na lijamu huku gari liko nyuma yake na bibi wa watu amekaa juu ya gari, na bado nilikuwa natabasamu.

Mwanzo hapakuwa na lolote. Mstaarabu akafumba macho, akafumbua, akatikisa masikio. Bi Mize akasema, "Umemwona alivyofurahi?" Nikasema nimemwona. Tukatembea hatua chache kwa heshima kubwa, kamba mkononi, watu wa nyumba za mwanzo wametoka kutusalimu, na Bi Mize, ambaye jua lilikuwa linampiga usoni, akafungua mwavuli wake. Ulikuwa mwavuli wa zamani, ule wenye chuma kigumu, na ulifunguka kwa mlio.

Mstaarabu akageuza kichwa.

Muda wote alionitumikia alijua kuna kelele nyuma yake, lakini mwenye kelele hakuwahi kumwona. Sasa akamwona. Magurudumu mawili yanazunguka, na juu yake kitu cheusi, kikubwa, kimepanua bawa, na kiko karibu naye kabisa, na (hapa ndipo pabaya) akapiga hatua kukikimbia, nacho kikapiga hatua. Sitaki kumsingizia mnyama, lakini nilimwona usoni, na ule ulikuwa uso wa mtu aliyedanganywa miaka na miaka. Akalia mara moja, akaondoka.

Nilikuwa na kamba, nikaivuta, na kamba ya puani bila ya lijamu ina faida moja tu, inakuunguza viganja. Nikapiga kelele zote nilizofundishwa, za kusimamisha punda wa Unguja na za kusimamisha punda wa Pemba. Nikakimbia kando yake, kisha nikawa kando ya gari, nikashika ubao wa gari kwa mikono miwili, na hapo ile kanzu ya kaka, ile ya kufagia chini, ikazama kwenye gurudumu na kuanza kujisokota. Kwa muda nilikuwa nakimbia. Baada ya hapo siwezi kusema nilikuwa nakimbia, nilikuwa naburutwa, na kila gurudumu likizunguka kanzu inapungua. Bi Mize alisema "Yarabi" mara moja tu, kwa sauti ya kawaida, akashika mwavuli kwa mikono miwili, wala hakufikiria kuufunga.

Tukapita madukani. Pale Konde palikuwa na duka la watu wa chama hiki upande huu, na duka la watu wa chama kile upande ule, na tangu uchaguzi walikuwa hawapeani hata moto wa sigara. Nikasikia upande huu mtu anapiga ukelele, "Yakhe, mwachie utakufa!" na upande ule mwengine anapiga, "Yakhe, usimwachie, bibi wa watu huyo!" Hata katika hilo hawakukubaliana. Lakini kanzu ilipokatika kabisa kiunoni, na jogoo wa gunia la unga akatoka nje kuitazama Konde, nilisikia kicheko kimoja kutoka pande zote mbili, na mpaka leo wako wanaosema kwamba mimi ndiye niliyewapatanisha. Hakuna aliyenipa hata cheti.

Mkitaka kujua punda alikuwa anakimbilia wapi, alikuwa anakimbilia kwa Mzee Faki, wapi pengine? Kila siku nilimsimamisha pale, kila siku nilikaa pale kupita haja ya biashara, na yeye alijua kwamba pale ndipo safari inapokwisha.

Na kwa Mzee Faki, uwanja mzima, kulikuwa na karafuu. Ilikuwa katikati ya msimu, majamvi yametandikwa kutoka ukuta mpaka ukuta, karafuu za siku mbili tatu zimeanza kuiva rangi, wanawake wamekaa pembeni wanachambua mbichi na kutoa makonyo, vile vijiti vyake, na barazani wazee wamekaa na kahawa wanamngoja Bi Mize. Salim naye alikuwapo, ameshika reki anazipindua karafuu ambazo hakuna aliyemwomba azipindue, ili akifika bibi amkute mfanyakazi. Baiskeli yake ameiegemeza kwenye mkarafuu, kioo kinang'aa.

Alituona wa kwanza. Nilimwona anatuona. Salim akatupa reki, akapanda juu ya mkarafuu, na sijawahi kumwona mchumaji yeyote anapanda kwa kasi ile. Mstaarabu akaingia juu ya majamvi, gurudumu moja likapita juu ya baiskeli, likaiacha imekunjika, jamvi likanasa chini ya gari na kuja nalo, karafuu zikaruka juu zikawanyeshea wazee kwenye vikombe vyao, kisha mti mmoja wa gari ukagonga ule mkarafuu wenye Salim ukavunjika, mkanda wa kifuani ukakatika, na punda, yuko huru, akaendelea na safari kupitia uani, kupitia jikoni, akatokea upande wa pili. Gari likainama polepole. Bi Mize akateremka pamoja na mkeka wake, akasimama, maana yake akakaa, juu ya lundo la karafuu, wima, mwavuli uko wazi, kiatu kimoja hakipo. Kuku akaruka mpaka juu ya paa.

Mimi nilikuwa nimelala kifudifudi, karafuu mdomoni, jogoo juu.

Hakuumia mtu, nashukuru. Mzee Faki akashuka barazani, akaitazama mali yake ya msimu iliyotapakaa mpaka njiani, akamtazama mama yake, akanitazama mimi, na kwa kuwa hakujaaliwa kusema neno jengine, akasema, "Karibu, Kombo." Wanawake walikuwa wameshika mbavu. Kutoka juu ya mti Salim akauliza kama punda ameondoka. Nikainua kichwa, nikamwona Time mlango wa uani, ana upawa mkononi. Yeye hakucheka. Alikuwa ananitazama kuona kama ni mzima, na alipoona ni mzima akashusha pumzi, na hapo ndipo nilipotaka ardhi inimeze, kwa sababu wale waliocheka wangenisahau siku moja, lakini yule alikuwa ameniogopea.

Wakanipa msuli wa kujifunga kiunoni, nikajisitiri. Nikaokota karafuu mpaka adhuhuri, moja moja, pamoja na wanawake, na kila mmoja alikuwa na swali lake juu ya jogoo. Baada ya sala nikaitwa ndani.

Bi Mize alikuwa amekaa juu ya kitanda cha kamba, miguu ndani ya beseni la maji ya moto. Mzee Faki amekaa pembeni, anatazama mkeka. Nyuma ya pazia la mlango wa ndani kulikuwa na mtu amesimama, chini ya pazia naziona ncha za vidole vya mguu, vina hina.

"Kaa," akasema Bi Mize. Nikakaa. "Nakuuliza jambo moja, unijibu kweli. Vile vya machoni, ulijua kwamba ukivivua atakimbia?"

"Nilijua, Bibi."

"Ulijua, au ulidhania?"

"Nilijua. Ami yangu alinifunza. Nami nawafunza wenzangu."

"Ukavivua."

"Nikavivua."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu uliniambia, Bibi."

Akatoa mguu mmoja katika maji, akaurudisha. Hakuwa na hasira, na hilo lilinitisha zaidi. "Mie kizee," akasema. "Vya gari sivijui. Ntasema mengi nisiyoyajua, ndo kazi ya vizee, na watu watayasikia na watayapuuza. Weye unajua, na mie mwenyewe nimo garini, na hukuweza kunambia hapana. Nilivyokuuliza au hutaki, ungesema sitaki, Bibi, utakufa. Ningekasirika, tungefika. Sa huyu mjukuu wangu, nikikupa, kesho mamaako akikwambia mwache, utasema nini? Au jirani? Au nikikwambia mie?"

Nikatazama maji ya beseni.

"Basi mie sikupi. Nenda kwenu."

Vile vidole chini ya pazia havikuondoka. Mzee Faki akainua macho kutoka kwenye mkeka akanitazama, mara ya kwanza siku ile, kana kwamba ananisukuma niseme kitu. Na mimi, mwenye ulimi uliochosha Tumbe nzima, mimi ambaye ningeweza kubishana na mtu kutwa juu ya mkanda wa chini ya mkia, nilifungua mdomo wangu, na mnajua nilisema nini?

Nilisema, "Naam, Bibi."

Nikainuka, nikatoka kinyumenyume kwa adabu, nikatembea kwa miguu mpaka Tumbe na msuli wa watu. Mstaarabu alikuwa ameshafika zamani, amesimama mlangoni na kipande cha gari shingoni, kwa hiyo nyumbani hawakuwa na la kuniuliza.

Salim naye alikataliwa. Bi Mize alimwambia hampi mjukuu wake mtu anayemwona bibi anakuja akapanda mti. Lakini Salim akabisha. Alisema alipanda ili aone vizuri jinsi ya kusaidia. Akafukuzwa, akarudi kesho yake na halua. Akafukuzwa, akaja na mamaake. Akafukuzwa, akaja kuzichambua karafuu, akakaa uwanjani, akasema haondoki. Msimu ulipokwisha wakafunga ndoa, na pilau yake niliila, kwa sababu nilialikwa na nikasema naam.

Gari nikalitengeneza, miwani nikashona mipya, na nikaendelea kupeleka samaki Konde, nauza upande wa madukani, sipiti tena uwanja wa Mzee Faki. Siku moja, baada ya muda mrefu, nikamwona Time amesimama mbele yangu na sahani, mtoto kiunoni. Nikamchagulia samaki mnene. Akampokea, akaulizia hali ya nyumbani, nikajibu, na yeye hakuondoka.

"Bibi kafariki mwezi uliopita," akasema.

Nikampa pole. Nikamwombea.

"Alikuwa akikutaja. Ile siku, ulivyotoka, alikaa akitazama mlango. Akasema, atarudi sasa hivi, huyu anajua kusema, nimemsikia msituni, ngoja atarudi abishe. Magharibi ikaingia, akaniambia nisitie komeo." Akamhamisha mtoto upande wa pili wa kiuno. "Alikuwa anakungoja urudi, Kombo. Hata mie."

Akaweka pesa zake juu ya ubao, akenda zake, na wateja wangu wakanishangaa, kwa sababu nilikuwa nimeshika kisu na samaki na sifanyi kitu.

Mwezi ule ule nikauza gari, nikaja kwenu huku kufuata hewa. Na sasa mnanung'unika, najua mnanung'unika, kwamba Kombo mbishi, Kombo habishiki, anabishana na muadhini juu ya wakati wa sala na mwenye kahawa juu ya tangawizi, ukimwambia leo Jumatano anataka ushahidi. Ni kweli yote mnayosema. Nilichelewa mno kuanza, basi niacheni nibishe.